Mzigo wa Miti ya Muhogo

Mwaka 2004, siku chache kabla ya Ramadhani, nilimpelekea dada yangu mzigo wa miti ya muhogo kutoka kondeni kwangu. Niliichagua mwenyewe: minene, iliyonyooka, ya majani mabichi kileleni. Dada ni mjane, na konde lile ndilo futari yake na ya wajukuu.

Ramadhani iliyofuata aling'oa shina la kwanza. Muhogo ulikuwa mwema kwa nje. Kisu kilipopita, ndani mlikuwa na mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo. La pili vivyo hivyo. Hakusema neno. Alivichagua vipande vilivyosalimika, akavitia tui, tukafuturu.

Wakulima huyaita maradhi haya kensa ya muhogo. Kwangu mimi, niliyezoea kuyapima maneno kwa kazi ya kufasiri, jina hilo lina kasoro. Kensa huzuka mwilini mwa mgonjwa mwenyewe, ilhali haya ni maradhi ya virusi, huletwa. H. H. Storey aliyaeleza mwaka 1936 huko Amani, milimani Usambara, na vitabu huyaita michirizi ya kahawia. Waletaji ni wawili: inzi mweupe, mdudu wa kiasi cha milimita 1, na mtu anayetoa miti ya kupanda. Yaani mimi.

Na muhogo si mnyonge. Ndani ya seli za jani umehifadhi kitu kiitwacho linamarini, na katika kuta za seli umeweka kimeng'enya chake. Viwili hivi havikutani mpaka jino lipite. Ukuta ukibomoka huchanganyika, ikatoka sayanidi, sumu ile ile iliyowafundisha wazee wetu kuuanika na kuuvundika muhogo mchungu kabla ya kuula. Lakini silaha hii humngoja mwenye kutafuna. Inzi mweupe hatafuni. Hupenyeza mrija wake baina ya seli hadi kwenye mshipa, akanyonya taratibu, na virusi vikaingia mlango ukiwa mzima. Hapo hubaki ulinzi wa ndani zaidi: seli kuutambua uzi wa urithi wa virusi na kuukatakata. Mbegu nyingine huweza, nyingine hushindwa kimya kimya, majani ya chini yakapauka manjano kandoni mwa mishipa. Manjano hayo niliyaona kwangu. Nilidhani ni uzee wa majani.

Mwaka 2007 zilitolewa Zanzibar mbegu nne zenye kuyastahimili maradhi hayo: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Nilipanda Machui kwangu kwanza, nikangoja mwaka mzima, ndipo nikamfungia dada mzigo mwengine.

Aliutazama kitambo bila ya kuupokea.

“Muhogo wake umeupasua, mdogo wangu?”

Nikamwambia nimeupasua. Nilikuwa nimeupasua wote, shina kwa shina, hata ule wa kuuza.