Makombo ya Mbwa Wetu

Sisi akina mama wa Shinyanga na Geita tunaishi kwa viazi vitamu. Mavuno yakiisha na jua la kiangazi likiwa kali, tunavimenya, tunavikata na kuvianika. Vibichi vinakuwa michembe. Vilivyochemshwa vinakuwa matobolwa. Hiyo ndiyo akiba yetu. Mbwa naye hutegemea chungu hicho hicho, na usiku, baba akiwa machimboni, yeye ndiye anayebweka mtu akikaribia uani.

Lakini katika kaya nyingi, michembe ikiota ukungu husikika neno: "Mpe mbwa." Tuwe waangalifu, akina mama. Ukungu waweza kuwa na sumu inayoharibu ini, la mbwa na la mtoto pia, na kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Michembe ya namna hiyo tunaifukia shimoni, kuku na ng'ombe wasiifikie.

Mbwa tunampa kiazi kizima, kisichooza. Tunakimenya na kukichemsha mpaka kilainike, bila chumvi, mafuta wala kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya mbwa. Kikipoa tunakiponda, kwa sababu mbwa humeza pasipo kutafuna, na kipande kigumu chaweza kumkaba. Mara ya kwanza tunampa kidogo, tuone kama tumbo lake litakubali. Viazi mviringo vilivyogeuka kijani au kuchipua, pamoja na maganda yake, hatumpi kabisa, vina sumu. Chipsi za sokoni nazo zina mafuta na chumvi nyingi mno. Tena viazi pekee havimtoshi. Tunamchanganyia dagaa wa ziwani wasiotiwa chumvi.

Mtu atauliza: je, ni haki kumpa mbwa chakula kizuri wakati chakula ni haba? Watoto hula kwanza. Hilo halina ubishi. Lakini tukumbuke yule mama Mkanaani katika Mathayo 15. Alipotaja makombo ya mbwa, alisema juu ya yale yanayoanguka kutoka mezani. Ni chakula kile kile cha watoto, ila ni kidogo. Hayakuwa yaliyooza.

Basi dada zetu, fungu la mbwa na liwe dogo, lakini liwe chakula. Mungu aliyetukabidhi viumbe wake atusaidie kuwatunza kwa uaminifu.