Hoteli Zisizo na Vitanda

Neno hoteli, likishavuka bahari kutoka visiwani na kupanda bara, hupoteza vitanda vyake. Mgeni anayeshuka Kilosa akaulizia hoteli haonyeshwi mahali pa kulala. Huelekezwa penye benchi, meza iliyotandikwa kitambaa cha plastiki, ndoo yenye koki ya kunawia mikono na masufuria yaliyofunikwa. Akitaka kulala, sharti aulizie gesti. Nalo neno mgahawa, ambalo asili yake ni ile gahawa ya Waarabu, huko limekwishaisahau buni kabisa: ndani yake mna wali, ugali na maharage, na kinywaji chake ni chai. Sukari ya chai hiyo haitoki mbali, kwani mashamba ya miwa yamelala kusini mwa Mikumi, pande zote mbili za mto Ruaha Mkuu, na kiwanda cha Ruembe kimo ndani ya wilaya ya Kilosa yenyewe.

Watu wa pwani wana nasaba ya zamani na meza hizi. Bonde la mto Mkondoa lilikuwa mojawapo ya njia za misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo ikipita Usagara kwenda Tabora na Ujiji. Mpagazi alikula posho, na kipimo chake kilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Lakini mara nyingi hakupewa nafaka yenyewe, bali nguo au shanga akabadilishane na wanakijiji. Kwa hivyo mlo wa njiani katika nchi ile ulianza bila ya nyumba wala benchi: kipande cha kaniki upande huu, mtama upande ule, na wanawake wa kijiji wakipima kwa macho makali. Neno posho nalo limeshika njia zake. Uganda ni ugali, na Tanzania ni fedha wanayolipwa wakubwa kwa kuhudhuria vikao. Mpagazi angeshangaa.

Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914, ilifuata bonde lile lile, na ndiyo iliyoipa Kilosa jiko lake. Treni iliposimama, chakula kilifika dirishani kabla ya abiria kunyanyuka: mayai ya kuchemsha, chapati zilizokunjwa ndani ya gazeti, kuku wa kukaanga, ndizi mbivu, mahindi ya kuchoma, miwa iliyokatwa vipande. Bei ilipatanwa kwa haraka, na chenji ikakimbizwa sambamba na behewa. Kilichokuwa kigumu ni chai, kwa sababu kikombe hakiwezi kusafiri; abiria aliinywa ikiwa moto mbele ya mwenye kikombe, ambaye hakumwondolea macho. Lakini yule aliyekula vizuri hasa ni yule ambaye treni yake ilichelewa. Huyo aliteremka, akaketi, akapewa sahani, akaongezwa mchuzi. Ucheleweshaji uliolaaniwa na kila msafiri ndio uliowalea akina mama waliopika karibu na stesheni.

Walioitwa mama ntilie, kwa lile ombi la wateja wao, "mama, nitilie", siku hizi huitwa mama lishe. Jina la pili lina heshima zaidi na linafaa kuandikwa katika barua za serikali. La kwanza lina sauti ya mtu mwenye njaa, na kwa sikio la mpenda ushairi lina uzito kulipita la pili.

Kuzipata meza zao katika mji wa Kilosa hakuhitaji kibao wala bango. Zinazofaa hujulikana kwa wanaokula hapo: mafundi, walimu, makarani, waendesha bodaboda. Na hujulikana kwa saa, maana chungu cha maharage kilichoanza kuchemka alfajiri kinapofika saa sita mchana kinakuwa kimelainika na kutoa uji wake, na ikifika saa tisa kimekwisha. Mpishi anayeambiwa saa tisa kwamba chakula bado kingi, huyo ana jambo la kueleza. Mtu wa visiwani ataikosa nazi. Wali hupikwa kwa mafuta na chumvi, ukajitegemea kwa utamu wa mchele wenyewe, na mchele wa mabonde ya Morogoro unaweza kujitegemea. Kwenye mboga, mahali pa tui mara nyingi huingia karanga zilizotwangwa, nazo huufanya mchicha au kisamvu kuwa kizito, chenye ladha ya kuchoma kidogo. Pwani kuna watu wanaoamini kwamba kisamvu bila ya nazi ni majani tu. Waonje kwanza. Pembeni mwa sahani kuna dagaa, na wale wa Kigoma kwa miaka mingi walisafiri na reli ile ile.

Kutoka Kilosa kwenda Mikumi njia hupita mahali panapoitwa Ulaya, na mzaha wa kwamba fulani amekula muwa Ulaya akarudi siku ile ile hauishi utamu.

Mikumi ni jiko la namna nyengine. Mji umechukua jina la miti ambayo pwani huitwa mivumo, lakini msafiri hauoni mti. Huiona barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na hadi Zambia. Barabara hiyo inakata hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kiasi cha kilomita 50, na kando yake limesimama bango linalotaja kila mnyama na faini yake kwa dola. Anayelisoma akiwa na njaa anaweza kulidhania orodha ya vyakula, tena vya ghali. Baada ya pori ndipo ilipo harufu ya nyama choma, na madereva wa malori ndio waamuzi wake: wanajua nani hukata nyama mbichi mbele ya mteja na nani huirudisha motoni ya jana. Penye malori mengi yaliyolala, hapo pana supu ya asubuhi.

Abiria wa basi hana uamuzi huo. Dereva ndiye anayechagua pa kusimama, kwa dakika chache za kuchimba dawa na kula, na huchagua hoteli kubwa ambako yeye na kondakta wake hutengewa sahani zao bila ya malipo. Chakula cha huko si kibaya. Ni kwamba hakina mwenyewe. Chipsi zimekaangwa kwa ajili ya mtu yeyote atakayetokea, na hakuna wa kumwambia "nitilie".

Kilosa imekwishaona jinsi jiko la stesheni linavyozimika. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa ulifurika ukaingia mjini, maelfu ya watu wakakosa makazi, reli kati ya Kilosa na Gulwe ikabebwa na maji, na treni za abiria zikasimama kwa miezi. Aliyekuwa na beseni la chapati hakuhesabiwa miongoni mwa waliopoteza kazi.

Sasa kuna reli ya kisasa, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Inaivuka milima ya Kilosa kwa mahandaki, mojawapo likipita urefu wa kilomita moja, na Kilosa imo miongoni mwa stesheni zake. Ni treni ya umeme, ya haraka, inayoshika saa zake, na nchi iliihitaji. Madirisha yake hayafunguki. Miaka ya ujenzi mama lishe waliwapikia vibarua; kazi ilipohamia mbele, wateja walihama nayo, na abiria wanaopita leo hawana sababu ya kuteremka kula.

Mikumi, madirisha ya mabasi mengi bado yanafunguka. Basi likipunguza mwendo, vijana hulikimbilia na mayai na karanga zilizofungwa katika vifuko vidogo, mkono mmoja umeinuliwa juu, na mwengine umeshika chenji tayari.