Duce au Mkwawa?

Najua nimepotea, testi zilinibana, halafu bando nalo likakata. Juzi dogo mmoja wa Form Six kaniuliza, "Braza, kati ya Duce na Mkwawa ipi kali?" Nikacheka peke yangu, maana swali hilo lilininyima usingizi mwaka 2024 pale kwetu Tegeta.

Kwa wasiojua, hivi vyuo ni pacha kabisa. Vyote vilianza 2005 kama vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, enzi serikali inahangaikia walimu wa sekondari. Duce ilikuwa chuo cha ualimu Chang'ombe, Mkwawa ilikuwa sekondari kule Iringa. Shahada ni ya chuo kikuu kilekile, na foleni ya ajira ni hiyohiyo. Anayekwambia kimoja kina jina kuliko kingine, mwambie aache utani.

Mimi na HKL yangu niliomba kotekote, Historia na Kiswahili, na majina yalipotoka nikajikuta nimechaguliwa kotekote. TCU wanataka uthibitishe kimoja tu. Unaletewa namba kwenye simu na siku zenyewe za kuhesabu.

Bi mkubwa anauza vitumbua karibu na stendi ya Nyuki. Saa 10 alfajiri tupo macho, mimi nabeba ndoo na kuwasha mkaa, yeye anachoma. Kwake hesabu ilikuwa nyepesi. Duce ipo Chang'ombe jirani na Uwanja wa Taifa, unalala kwenu, unakula kwenu, boom inabaki. Buku kumi kwa siku si hela ya kuchezea. Na alfajiri utakuwa unanisaidia kwanza... hili hakulisema, na ndo lililokuwa linaniuma.

Siku moja nikajaribu njia. Barabara ya Bagamoyo ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya mwendokasi, nikasimama mguu mmoja mpaka Mwenge, nikaunga daladala nyingine. Nilitoka saa 12, nikafika saa 3 kasoro. Miaka mitatu ya hivyo, baada ya vitumbua? Nikapata sababu. Lakini tusidanganyane, ningeweza kupanga geto hukohuko Temeke. Ukweli nilitaka kuondoka. Ukiacha miezi ya JKT, sikuwa nimewahi kulala mbali na kwetu.

Nikathibitisha Mkwawa saa 5 usiku, ndani ya neti, mwanga wa simu nimeufunika na shuka. Alfajiri nikabeba ndoo kama kawaida. Kesho yake hivyohivyo.

Siku ya nne mteja mmoja, mama wa rafiki yangu, akampongeza, "Kumbe kijana anaenda Iringa!" Bi mkubwa akamfungia vitumbua vyake, akampa na chenji. Jioni akaniuliza, "Ulithibitisha lini?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo siku zote hizo tunachoma wote, umeninyamazia tu." Hakuongeza neno. Jamani, bora angenigombeza.

Wiki ya kuondoka akaniletea sweta la mitumba. La kike, vifungo vimekaa upande wa kike. Nilivaa hivyohivyo, na baridi ya Iringa mwezi wa sita haikuniuliza lolote.

Chuo sijakijutia. Tena kwa anayesoma Historia ni raha yake, Kalenga ipo hapa jirani, na fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 lipo pale. Ila kila boom ikiingia natuma elfu 50 nyumbani, ya binti anayebeba ndoo siku hizi. Bi mkubwa anapokea, anasema asante mwanangu, anauliza kama nakula. Ile habari hatujawahi kuigusa tena.

Dogo bado anasubiri jibu. Nimemuuliza kwanza kama ameshaongea na mama yake. Ameandika "hahaha", halafu kimya.