Ukingo wa Mto Nairobi na Vipimo Vyake

Mto Nairobi hauanzii mjini. Chimbuko lake ni kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, ambako maji yamefunikwa na majani mazito hata mgeni aweza kudhani kwamba anakanyaga malisho ya ng'ombe. Kutoka hapo mto huteremka kuelekea mashariki ukiwa kijito tu, na katika mashamba ya pande hizo watu hupanda nduma na majani ya ng'ombe karibu kabisa na maji. Ni vigumu kuamini kwamba maji madogo namna hiyo ndiyo yaliyoupa jina mji mkuu wa Kenya. Lakini ndivyo ilivyo, maana Wamasai waliyaita maji baridi, na reli ilipofika mwaka 1899 jina likabaki.

Mkulima wa Kenya si mgeni wa sheria ya ukingo. Kanuni za kilimo za mwaka 1965 zilimkataza kulima ndani ya mita 2 kutoka kwenye kijito. Na mto ukiwa na upana uliozidi mita 2, alitakiwa kuacha nafasi sawa na upana wa mto wenyewe, isiyozidi mita 30. Kanuni hiyo ilikuwa na akili ya shambani. Mtu alipima mto kwa kamba, kisha akailaza kamba ile ile juu ya shamba lake, akajua mwisho wa jembe lake. Hakuhitaji karani wala ramani.

Baadaye zikaja kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, na za rasilimali za maji za mwaka 2007. Zote mbili zilishika mtindo huo wa upana wa mto, ila kipimo cha chini kikawa mita 6 na cha juu mita 30, kila upande. Zile za mwaka 2007 zilitaja mambo yaliyokatazwa katika ukanda huo, kama vile kulima, kukata miti ya asili, kutupa taka na kujenga nyumba ya kudumu. Hata hivyo kulikuwa na tofauti ndogo ambayo wengi hawakuitambua. Kanuni za 2006 zilihesabu kutoka mahali mafuriko makubwa kuliko yote yaliwahi kufika. Zile za 2007 zilihesabu kutoka ukingoni mwa mto. Penye kingo za mawe zilizosimama wima tofauti hiyo si kitu. Penye bonde pana na tambarare, ndiyo tofauti kati ya nyumba kusimama na nyumba kubomolewa.

Msafiri anayeufuata mto kuingia mjini huyaona mambo hayo kwa macho yake. Huko Chiromo bado kuna miti mikubwa na kivuli kizuri. Chini kidogo ya Makumbusho ya Taifa ipo bustani iliyopewa jina la John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira tangu mwaka 2008, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza wachafuzi wa mto. Bustani ilikarabatiwa mwaka 2020, na katika kipande hicho sheria ya ukingo haihitaji maelezo: huku maji, hapa nyasi na njia ya miguu, kule barabara.

Baada ya hapo mto hupita nyuma ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo zamani iliitwa Grogan, penye mafundi wa magari. Kisha huja Kamukunji, penye kelele za nyundo za wafua mabati, na Gikomba, soko la mitumba. Hapa mtu atafute ukingo kwa bidii. Vibanda vimejipanga mpaka kwenye maji, na taka na udongo vimemwagwa mtoni mwaka hadi mwaka, hata mto ukawa mwembamba kama mfereji. Nalo jambo hilo lafaa kuangaliwa sana, kwa kuwa kanuni hupima ukanda kwa upana wa mto. Anayejaza udongo mtoni hajipatii kiwanja tu. Anaupunguza mto, na kwa kuupunguza mto anaufupisha na ukanda unaomzuia. Mkulima wa Kikuyu hawezi kufanya hila hiyo kwa jembe. Mwenye malori mjini aliweza.

Mto Nairobi hauko peke yake. Kaskazini yake kuna mto Mathare na kusini kuna mto Ngong, na yote miwili huungana nao mashariki mwa mji. Katika mabonde hayo sheria ilikuja na tingatinga mara mbili, na kila mara kwa watu wa namna nyingine. Mwaka 2018 yalibomolewa majengo makubwa ya maduka huko Westlands na kando ya Barabara ya Lang'ata. Wenyewe walidai kwamba wana hatimiliki na vibali vyenye mihuri, na wananchi wakauliza, kwa haki kabisa, ni nani aliyeipiga mihuri hiyo.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 2024. Mvua ya mwezi wa Aprili ilijaza mito usiku, na watu wa Mathare wakafa maji. Serikali ikaamuru kila aliye ndani ya mita 30 ahame. Hawa hawakuwa na mihuri ya kuonyesha. Waliahidiwa shilingi 10,000 kwa kila jamaa, fedha ambazo kwa kodi ya Nairobi hazimfikishi mtu mbali. Tena wengi walikuwa wapangaji, ambao hawakuchagua mahali pa kujenga; waliojenga na kupokea kodi walikuwa wakilala penye mwinuko. Jambo moja lililowasumbua ni kwamba hakuna jiwe lililowahi kupandwa kuonyesha mita hizo. Mtu aliujua mpaka siku alipoona alama ya rangi nyekundu ukutani kwake.

Mwezi wa Machi 2025 kazi ya kuufufua mto ilizinduliwa, na vijana waliokwisha kuajiriwa kusafisha kingo walikuwa wakizoa takataka tangu mwaka uliotangulia. Kupanda miti ukingoni ni kazi njema. Lakini kupanda mawe ya mpaka, kwa kipimo kimoja kinachojulikana na mwenye jumba na mwenye kibanda, kungeokoa machozi mengi kuliko miche.

Baada ya jaa la Dandora mto hutoka mjini, mweusi na mzito, ukaingia Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi. Njiani wako wakulima wasiokuwa na kiwanja hata kimoja Nairobi, nao huyachota maji hayo kumwagilia mboga.