Baridi ya Leeds na joto linapokatika nyumbani

Ndugu msomaji, ukifika mji wa Leeds, kaskazini ya Uingereza, mwezi wa Desemba, utashangazwa na giza kabla ya baridi. Jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na wafanyakazi hurudi makwao taa za barabarani zimekwisha kuwaka.

Katika mitaa ya makabwela utaona safu ndefu za nyumba za matofali mekundu. Maelfu kati ya nyumba hizo zimepeana migongo: kuta tatu ni za shirika na majirani, na ukuta mmoja tu ndio wenye mlango na madirisha. Ujenzi wa namna hiyo uliendelea Leeds hadi mwaka 1937.

Zamani nyumba hizo zilipashwa moto kwa makaa ya mawe. Siku hizi nyingi hutumia boila ya gesi. Boila hupasha maji moto, na pampu huyasukuma hadi kwenye makasha ya chuma yaliyofungwa ukutani, mfano wa rejeta ya gari, nayo hutoa joto chumbani.

Sasa fikiri boila imenyamaza usiku wa theluji. Mara nyingi chanzo ni kidogo. Gesi inapoungua hutoa mvuke. Boila za kisasa huugeuza mvuke huo kuwa maji, yakatoka nje kwa kibomba cha plastiki. Maji hayo yakiganda, boila hujizima. Dawa yake ni kukimwagia kibomba maji ya uvuguvugu, si yanayochemka, kisha kuiwasha upya. Kasha likiwa la moto chini na baridi juu, ndani mna hewa: zima, subiri lipoe, fungua kizibo chake kwa ufunguo mdogo mpaka maji yaanze kutoka, kisha funga.

Zaidi ya hapo usiguse. Kazi ya gesi ni ya fundi aliyeandikishwa katika daftari la Gas Safe, lililoanzishwa mwaka 2009. Na mpangaji asione haya kudai: sheria ya mwaka 1985 inamtaka mwenye nyumba atengeneze mitambo ya joto. Amwandikie barua, naye abaki na nakala.

Wakati wa kumngoja fundi, familia ikusanyike chumba kimoja, mapazia yafungwe, nguo zivaliwe mbili tatu, na wazee na watoto wachanga waangaliwe kwanza.

Lakini hapa ndipo penye hatari. Mtu aliyezoea jiko la mkaa huweza kushawishika kuliwasha chumbani. Asithubutu! Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, akaona kizunguzungu na kichefuchefu, akalegea, akalala, asiamke tena. Boila mbovu nayo huweza kutoa gesi hiyo hiyo. Dalili hizo zikitokea, wote watoke nje mara moja na tabibu aitwe.

Wala usidhani haya ni ya Ulaya peke yake. Huko Makete na Njombe, baridi ya Juni na Julai huwafanya watu waingize jiko chumbani na kufunga madirisha. Gesi ni ile ile, na kifo ni kile kile. Baridi ya usiku mmoja huvumilika kwa blanketi na kwa kukaa pamoja. Basi, ndugu msomaji, iwe Leeds au Makete, jiko la mkaa lisilale chumba kimoja na watu.