Tuulize Hati ya Chuo Kwanza

Sisi twafundisha hapa Mkula, chini ya milima ya Udzungwa. Watu wa huku hulima mpunga, na mpunga huo ndio ada, ndio dawa, ndio nguo. Basi mzee akiuza magunia yake ili mwanawe aende chuoni, auza jasho la mwaka mzima.

Ndivyo alivyofanya jirani yetu mmoja. Jioni moja alitujia; tukamwamkia, akaketi, akatoa karatasi ya chuo fulani. Akasema, "Mwalimu, soma, uniambie kama ni njema." Tuliona mhuri mkubwa na picha ya jumba zuri, tukamjibu, "Ni njema, Mzee." Hatukuuliza zaidi. Kosa hilo ni letu, nasi twalikiri. Mwaka haukuisha, kijana akarudi na sanduku lake, kwa kuwa masomo aliyoandikiwa hayakuwa na idhini. Mzee hakutukemea. Alisema tu, "Hata wewe mwalimu hukujua?" Neno hilo lilituchoma kuliko matusi.

Ndipo tulipoanza kujifunza yaliyotupasa kujua mapema. Zamani vyuo vikuu vya nchi yetu vilikuwa vya Serikali. Katika miaka ya 1990 mlango ulifunguliwa kwa makanisa na watu binafsi, na vyuo vikaongezeka upesi. Kwa hiyo ilitakiwa jicho la kuvitazama. Tume ya Vyuo Vikuu iliwekwa kwa sheria ya mwaka 2005, nayo hukagua walimu, vitabu, maabara na masomo yenyewe. Vyuo vya stashahada na ufundi vina baraza lao, lililoanza kwa sheria ya mwaka 1997. Tena kumbukeni jambo hili: idhini ya chuo ni moja, na idhini ya kila somo ni nyingine. Chuo chaweza kuwa halali, na somo moja ndani yake lisiwe halali.

Wala sheria hii si maneno matupu. Mwaka 2016 Tume ilifuta vibali vya vyuo viwili vya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Joseph huko Songea, na wanafunzi wakahamishiwa kwingine. Mwaka 2017 vyuo 19 vilizuiwa kupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Wako wasemao kwamba sheria yavilemea vyuo vidogo, hasa vile vya makanisa, kwa kuwa mwalimu mwenye shahada ya juu ni ghali na ni adimu. Neno hilo lina kweli. Tena adhabu ya chuo humwangukia kwanza mwanafunzi asiyekosa lo lote. Lakini fikirini: pale Ifakara kipo chuo cha Mtakatifu Fransisko, kilichoanzishwa mwaka 2010, kinachofundisha udaktari. Nani kati yetu angependa mkewe apasuliwe na tabibu aliyefundishwa pasipo maabara wala mwalimu wa kweli? Sheria inayokibana chuo ndiyo inayomlinda mgonjwa, nayo yalinda pia magunia ya mkulima. Chuo cha kanisa hakina ruhusa ya kuwa hafifu kwa sababu nia yake ni njema. Kimepaswa kuwa cha kwanza kutii.

Basi, ndugu, kabla ya kuuza mpunga, ulizeni maneno matatu. Je, chuo kina ithibati? Je, somo hili lenyewe lina idhini? Je, wanafunzi wake hupata fedha ya Bodi ya Mikopo, ambayo hukopesha walio katika vyuo vinavyotambuliwa? Mwenye chuo akikasirika kwa kuulizwa, hasira yake ni jibu tosha. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.

Mwaka uliofuata mzee alivuna tena, akatujia tena na karatasi nyingine. Safari hii hatukutazama mhuri. Tulifungua orodha ya Tume katika simu, mbele ya macho yake, tukatafuta jina la chuo, kisha jina la somo. Yote mawili yalikuwamo. Mzee akasema, "Soma tena, Mwalimu." Tukasoma mara ya pili, polepole, naye akafuata kila neno kwa kidole. Ndipo akainuka kwenda kuhesabu magunia yake.