Kichwa Kina Miguu

Korogwe,
Novemba

Mpwa wangu Rehema,

Mvua za vuli zimeanza kwa kusuasua, na bibi yako kila jioni anauliza kama umeshapata mahali pa kununua unga wa sembe.

Picha ya ankara ya halmashauri uliyonitumia kutoka hapo Glasgow nimeiona, na swali lako pia: inakuwaje nyumba iliyojengwa juzi tu ipangiwe kodi kwa bei ya mwaka 1991? Nianze na linalohusu mfuko wako. Kama nyote humo ndani ni wanafunzi wa muda wote, hamdaiwi kitu; chukueni barua za chuo mzipeleke halmashauri. Kama yule mwenzenu mmoja ameajiriwa, ankara ni yake yeye, ila anapunguziwa robo. Mkimchangia ni kwa upendo wenu, si kwa sheria.

Sasa hilo la 1991. Miaka yangu ya kazi imeishia katika kutoza watu kodi, na huu mwaka una kisa ambacho mtoza kodi yeyote angepaswa kukijua.

Zamani Waingereza walilipa kodi ya majengo: nyumba inakadiriwa ingepangishwa kwa kiasi gani, halmashauri inatoza kwa kadirio hilo. Ilikuwa na kero zake. Mjane aliyeachiwa nyumba kubwa na marehemu mumewe alilipa sawa na jirani mwenye watoto wanne wakubwa, wote wana mishahara. Na makadirio yakiachwa muda mrefu, siku yakifanywa upya yanakuja kwa kishindo. Huko Uskoti yalifanywa upya mwaka 1985, na wenye nyumba, ambao wengi wao walikuwa wapiga kura wa chama cha Conservative, wakapandisha mori. Wakubwa wa chama wakakimbilia kwa Waziri Mkuu, Margaret Thatcher. Yeye naye alikuwa na deni la ahadi: tangu mwaka 1974, kabla hata hajawa kiongozi wa chama, alishatamka kwamba kodi hiyo ataifuta.

Januari 1986 ukatolewa waraka wa serikali wenye jibu. Kila mtu mzima alipe halmashauri yake kiasi kimoja, sawa kwa wote, bila kujali anaishi nyumba ya namna gani na anapata nini; maskini kabisa na wanafunzi walipe sehemu moja ya tano. Jina rasmi lilikuwa la upole, malipo ya jamii, lakini mitaani ilikuwa kodi ya kichwa tangu mwanzo. Usije ukawacheka waliobuni. Hoja yao ilikuwa na mantiki: watu wengi wanapigia kura halmashauri zenye matumizi makubwa huku wao hawalipi chochote, basi kila mpiga kura aonje gharama, atachagua kwa uangalifu. Ukiisoma mezani, inapendeza. Tatizo la mipango ya namna hii ni kwamba waandishi wake hawajawahi kubisha hodi kwenye mlango wa mtu asiye na hela.

Waziri wa Fedha, Nigel Lawson, aliwaonya mapema, mwaka huohuo wa 1985, kwamba haitatekelezeka na itawaletea balaa la kisiasa. Hakusikilizwa, naye akaendelea na kazi zake. Mwaka 1988 mbunge wa chama hichohicho, Michael Mates, akapendekeza angalau ipangwe kwa madaraja ya kipato. Pendekezo likaanguka kwa tofauti ya kura 25 tu, na hiyo ni serikali iliyokuwa na wingi wa zaidi ya wabunge 100. Watu walikuwa wakimtaja Duke wa Westminster, mmoja wa matajiri wakubwa kabisa wa nchi ile, kwamba atalipa sawasawa na mtunza bustani wake. Hilo halihitaji digrii ya uchumi kulielewa.

Waskoti wakaanzishiwa kwanza, tarehe 1 Aprili 1989, mwaka mzima kabla ya England na Wales. Kumbuka kwamba mwaka 1987 Conservative walikuwa wamepata viti 10 tu kati ya 72 vya Uskoti. Ukiishi hapo utasikia watu wanasema walifanywa watu wa majaribio. Ukweli ni kwamba viongozi wa Conservative wa Uskoti wenyewe ndio waliokuwa na haraka, wakiogopa yale makadirio, lakini ukweli huo haujawahi kuwaponya.

Nami nakwambia kama mtu wa ofisi: kodi hii haikuuawa na maandamano, iliuawa na ukusanyaji. Nyumba haikimbii, ila kichwa kina miguu. Ukitoza nyumba, unaikuta palepale kila mwaka, na mwenyewe ukimkosa utampata kwa njia yake. Ukitoza vichwa, inabidi uwe na orodha ya watu, na watu wanahama, wanaoa, wanagombana na wazazi wao, wanalala kwa rafiki. Idadi ya wa kufuatwa ilikaribia kuongezeka maradufu. Ikafika mahali watu wakaacha kujiandikisha kwenye daftari la wapiga kura, wasije wakaonekana. Fikiria hilo: kodi iliyobuniwa ili watu wapige kura kwa uangalifu ikawafanya wengine wasipige kabisa.

Sisi tulishayaona. Mwingereza alitutoza kodi ya kibanda na kodi ya kichwa, na babu yako alikuwa akihamia shambani kwa shemeji zake kila msimu wa tarishi. Hata baada ya Uhuru, mimi mwenyewe nilikaa mezani na vitabu vya stakabadhi za kodi ya maendeleo, mgambo wakiwasomba wanaume stendi alfajiri. Makusanyo ya siku nyingine hayakutosha mafuta ya gari tulilowafuatia. Mwaka 2003 ilipofutwa hakuna aliyesikitika ofisini kwetu, hata mhasibu mkuu.

Kulikuwa na kasoro nyingine ambayo magazeti hayakuishughulikia sana, maana ni ya kihesabu. Serikali kuu ilichukua mikononi mwake kodi ya majengo ya biashara, ikawa inaipanga yenyewe na kuzigawia halmashauri. Zikabaki na karibu robo tu ya mapato yao ya kupanga wenyewe. Sasa piga hesabu: halmashauri ikitaka kuongeza matumizi kwa asilimia 1, na chanzo chake ni hiyo robo peke yake, itabidi ipandishe kodi ya kichwa kwa asilimia 4. Ndiyo maana England ilipoanza Aprili 1990 ankara ziliwashtua watu. Serikali ilikuwa imekadiria wastani wa pauni 278 kwa kichwa. Ukaja zaidi ya pauni 350. Mume, mke na kijana mmoja wa miaka kumi na tisa, zidisha mara tatu.

Siku moja kabla haijaanza, Jumamosi ya 31 Machi, watu wapatao 200,000 waliandamana London, na Trafalgar Square ikageuka uwanja wa vita, magari yakachomwa moto. Picha hizo ndizo zinazoonyeshwa hadi leo. Mimi navutiwa zaidi na ngazi za maghorofa ya huko kwenu Glasgow. Uskoti sheria iliruhusu madalali wa mahakama waingie nyumbani kwa mdaiwa, waorodheshe vitu vyake, televisheni ikiwemo, kisha wavinadi. Basi majirani wakawa wanapashana habari, dalali akifika anakuta ngazi zimejaa watu kuanzia chini hadi mlangoni, hawampigi, hawamtukani, ila hawasogei. Anageuka. Kijana mmoja, Tommy Sheridan, aliyeongoza harakati hizo, alifungwa mwaka 1992 kwa kukaidi amri ya mahakama na kuzuia mnada, akachaguliwa diwani wa Glasgow akiwa bado gerezani. Miaka michache baadaye akawa mbunge katika Bunge jipya la Uskoti, na mwaka 2000 Bunge hilo likapitisha muswada wake wa kufuta minada ile. Habari zake za baadaye ni kitabu kingine, tuziache.

Anguko la Thatcher lenyewe utalisoma darasani. Alishinda chaguzi tatu, alishinda vita vya Falklands mwaka 1982, aliwashinda wachimba makaa waliogoma mwaka mzima kuanzia 1984. Wahadhiri watakuambia chanzo kilikuwa mzozo wa Ulaya, na kujiuzulu kwa naibu wake, Geoffrey Howe, tarehe 1 Novemba 1990. Ni kweli. Lakini wabunge wake walikuwa wameona chama kikipoteza chaguzi ndogo za Mid Staffordshire na Eastbourne mwaka huohuo, na kila mmoja alikuwa akirudi jimboni anakutana na ile ankara. Michael Heseltine, aliyeshindana naye kuwania uongozi wa chama, aliahidi kuitazama upya kodi hiyo. Kura za wabunge wa chama zikawa 204 kwa 152, zikampungukia Thatcher nne kumaliza kazi duru ya kwanza. Tarehe 22 Novemba akatangaza kuachia ngazi.

Waliomrithi walilipa gharama ya kuizika. Bajeti ya Machi 1991 ilipandisha VAT kutoka asilimia 15 hadi 17.5 ili kila kichwa kipunguziwe pauni 140. Yaani mzigo ukahamia dukani, na huko umebaki. Aprili 1993 ikaja hii unayoiona leo: nyumba zikapangwa katika madaraja manane, A hadi H, kwa bei ambayo kila moja ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Wales walithubutu kukadiria upya, ikaanza kutumika mwaka 2005. England na Uskoti mawaziri wamepokezana, kila mmoja anakumbuka yale ya 1985 na 1990, anaifunga faili. Ndiyo sababu mthamini anapoletewa ghorofa lililojengwa mwaka jana inambidi akae awaze lingeuzwa pauni ngapi enzi ambazo kiwanja kilikuwa labda karakana. Mimi ningekadiria upya kidogo kidogo kila mwaka, ili asiwepo wa kushtuka. Lakini mimi sigombei.

Kuna kipande cha mwisho kinachohusu mtaa wako. Kabla ya kura ya maoni ya uhuru wa Uskoti mwaka 2014, watu waliokuwa hawajajiandikisha kwa miaka mingi walijitokeza. Kura ilipokwisha, baadhi ya halmashauri zikaliona daftari lile lililonona, zikafikiria kulitumia kudai malimbikizo ya kodi ya kichwa, miaka zaidi ya ishirini baadaye! Nikiwa mtoza kodi mstaafu, niliwaelewa na nikawaonea aibu kwa wakati mmoja. Bunge la Uskoti likapitisha sheria mwaka 2015, ukusanyaji wa madeni hayo ukakoma.

Ukimpata mzee wa makamo yangu hapo jirani, akishakuzoea, muulize kama alilipa. Usimuulize mbele ya watoto wake. Atakachokujibu niandikie, na niandikie kwa barua, si kwa sauti za simu ambazo bibi yako anazisikiliza akidhani umo ndani ya chumba.

Mama yako anakusalimu na anasema uvae soksi mbili.

Ni mimi mjomba wako,
Athumani